Kitunguu saumu: Kitwange, kile, nuka upendavyo, ila dozi yako usiitupe!

WATOTO wa mjini tunakijua kitunguu saumu kwa mambo mawili tu: pilau la harusi na harufu ya mdomo. Lakini ukishavuka Tegeta, ukaiacha Bunju na kuikamata barabara ya Mapinga, Kerege na Zinga kuelekea Bagamoyo, hadithi inabadilika kabisa. Huko kitunguu saumu ni daktari, ni mfamasia, na kwa vijana wengine ni mshauri wa mambo ya chumbani. Kila bibi ana dozi yake, na kila kijana ana siri yake aliyonong'onezwa barazani.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye daladala ya kwenda huko, akadandia jamaa mmoja na begi lake la vichupa. Ndani ya kila kichupa kulikuwa na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye asali. Jamaa alikuwa na mdomo kama mtangazaji wa mpira. Alianza na presha, akaenda sukari, akapita vidonda vya tumbo, ngiri, kikohozi sugu, uzazi, nguvu za kiume, hadi mikosi. Nilihesabu maradhi 17, nikachoka.

"Na ukata je, kinatibu?" konda akadakia. Basi zima likaangua kicheko.

Mama mmoja aliyekaa jirani yangu hakucheka. Alifungua pindo la khanga, akatoa pesa, akanunua vichupa viwili. Nikamsalimu, nikamuuliza ni vya mgonjwa gani.

"Vya kwangu mwenyewe, mwanangu," akanijibu. "Nina presha. Vile vidonge vya hospitali vimenichosha, kila siku kila siku kama adhabu. Nikianza hiki, vile navipumzisha."

Hapo kicheko kikanikauka, msomaji wangu. Nitakwambia ni kwa nini.

Nina shangazi yangu pale Magomeni ya Bagamoyo, usije ukaichanganya na Magomeni yetu ya Dar. Naye aliwahi "kuvipumzisha" vidonge vyake. Mtu aliyemwamini alimwambia punje tatu za kitunguu saumu kila alfajiri zinatosha, presha itakimbia yenyewe. Akatafuna, wiki zikapita, akajisikia buheri wa afya. Asubuhi moja aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Majirani wakasema ni upepo mbaya. Zikapotea siku mbili nzima kwenye kufukiza na kupunga, ndipo akapelekwa hospitali. Leo anatembea kwa mkongojo na anaongea polepole, kama mtu anayechagua maneno sokoni.

Cha ajabu ni kwamba kitunguu saumu hajakichukia, bado anakitwanga kwenye mchuzi wake kwa mkono wa kushoto. "Kitunguu hakikunidanganya, mwanangu," aliniambia. "Kilichonidanganya ni mdomo wa mtu."

Kwa hiyo wiki hii tunakichambua kitunguu saumu punje kwa punje, bila ushabiki. Kinatibu nini, hakitibu nini, na kinaweza kukuponza wapi? Kaa mkao wa kula.

KIZEE KULIKO PIRAMIDI

Kwanza tuliweke sawa jina. Saumu hii haina undugu na saumu ya Ramadhani. Waarabu wanakiita thum, na huku pwani tukakipokea kwa matamshi yetu: wengine thomu, wengine somu, wengine saumu. Jina tu linakuonyesha mahali tulipolitoa.

Pia usidhani kinalimwa Bagamoyo. Kitunguu saumu kinapenda baridi, na joto letu la pwani halikifai. Huku minazi, mihogo na mananasi ndiyo inayotamba. Vitunguu saumu vyetu vya hapa nchini vinatoka nyanda za baridi kama Mbulu mkoani Manyara, na duniani kote China ndiyo baba lao, kwani inazalisha karibu robo tatu ya vitunguu saumu vyote.

Kwa umri, ni kizee cha kutupwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika karibu miaka 2,500 iliyopita, alisimulia kuwa wajenzi wa piramidi za Misri walilishwa figili, vitunguu maji na vitunguu saumu. Kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, vitunguu saumu vilikutwa humo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kabla ya penisilini kuingia mitaani, vilitumika kwenye vidonda vya askari.

Hata dini haikukipita kimya. Waislamu wa Bagamoyo watakukumbusha mafundisho ya Mtume kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi asiingie msikitini, asije akawakera wenzake kwa harufu. Ona basi, ugomvi wetu na harufu hii haukuanza jana.

SIRI IKO KWENYE KINU

Chukua punje nzima, usiimenye, inuse. Haina neno. Sasa iponde. Mtaa mzima unajua! Hapo ndipo ilipo dawa yenyewe.

Ndani ya punje kuna vitu viwili vinavyoishi vyumba tofauti. Kimoja kinaitwa aliini na kina salfa ndani yake. Cha pili ni kimeng'enya, yaani kichocheo kinachokibadilisha cha kwanza. Ukitwanga, unabomoa ukuta, vinakutana, na ghafla inazaliwa alisini. Hiyo alisini ndiyo inayokutoa machozi, kukuunguza ulimi na kuua vijidudu. Iligunduliwa mwaka 1944 na wanakemia wa Marekani, Chester Cavallito na John Bailey, walioonyesha kuwa inaweza kuzuia bakteria wa aina nyingi.

Sasa sikiliza hili, wewe unayetupia vitunguu kwenye mafuta ya moto dakika ile ile uliyovimenya. Joto linakiua kile kimeng'enya. Kikifa kabla hakijafanya kazi, umebakiwa na ladha, dawa imeyeyuka. Bibi zetu wanaotwanga kwanza, wakakiweka pembeni huku wakikuna nazi, bila kujua walikuwa wanafanya sayansi. Kiponde, kiache kama dakika kumi, ndipo kiingie jikoni.

Lakini usikimbilie kushangilia. Kuua bakteria kwenye chupa ya maabara si sawa na kuwaua ndani ya mwili wa mtu. Hata sabuni ya kufulia inaua bakteria, lakini hakuna anayeinywa ili apone homa ya matumbo. Alisini nayo haikai, kwani muda mfupi baada ya kumezwa inavunjika na kuwa vitu vingine. Kwa hiyo ukisikia "wataalamu wamethibitisha", uliza hapo hapo: wamethibitisha kwenye chupa, kwenye panya, au kwa binadamu?

BAGAMOYO HAWADANGANYIKI

Na watu wa kuwauliza swali hilo ni Wabagamoyo wenyewe. Mji huu wengi tunaujua kwa magofu ya Kaole, kwa njia ya misafara ya pembe za ndovu, na kwa ngoma za pale TaSUBa, ambayo enzi zile tulikiita Chuo cha Sanaa. Lakini hapo hapo kuna tawi la Taasisi ya Afya Ifakara, na humo imefanyika kazi ambayo dunia nzima inaiheshimu.

Mei 26, mwaka 2009, watoto wa Bagamoyo ndio waliokuwa wa kwanza kuchomwa sindano katika majaribio makubwa ya mwisho ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Majaribio hayo yalikusanya watoto 15,460 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Wengine walipewa chanjo hiyo, wengine walipewa chanjo nyingine, na wazazi hawakuambiwa nani kapata ipi. Watoto wakafuatiliwa kwa miaka, zikahesabiwa homa, yakahesabiwa madhara. Shirika la Afya Duniani lilikuja kupendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana mwezi Oktoba 2021, na Oktoba 2023 likafuata na ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo.

Nimeisimulia habari hiyo kwa makusudi. Hivyo ndivyo dawa inavyopita tanuri hadi ikaitwa dawa. Basi na kitunguu saumu tukipitishe kwenye tanuri hilo hilo tuone kinatoka vipi.

PRESHA: KINASAIDIA, LAKINI...

Tuanze na mkali wenyewe, presha. Hapa nitakitendea haki kitunguu saumu: si uongo, kinashusha presha.

Mwaka 2020 mtafiti Karin Ried wa Australia alikusanya majaribio 12 yaliyohusisha watu 553 wenye presha ya kupanda. Waliotumia kitunguu saumu, wengi wao kwa njia ya vidonge vilivyotengenezwa maalumu, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa alama 8, na ya chini kwa alama 5 na kidogo. Siyo haba, msomaji. Kwa mtu ambaye presha yake imevuka mpaka kidogo tu, hilo ni jambo.

Sasa piga hesabu. Presha ya kuanzia 140 kwa 90 ndiyo inayoitwa ya kupanda. Mtu mwenye 190 akishuka alama 8 anafika 182. Bado yuko kwenye moto! Kilichobadilika ni kwamba amejipa moyo, na pengine vidonge vimeshatupwa chooni. Presha nayo ni mnafiki, haiumi wala haiwashi. Unajisikia poa huku mishipa ya kichwani inalemewa. Ndiyo maana "najisikia vizuri" siyo kipimo. Kipimo ni mashine.

Usidhani pia kuwa hayo ni mambo ya wazee wa shamba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kama robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya kupanda. Na jijini kwetu je? Kati ya mwaka 2003 na 2006, Dakta Richard Walker na wenzake walihesabu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kusawazisha umri, wilayani Hai, Kilimanjaro, walipata 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walipata 316! Karibu mara tatu. Hapo ndipo tunapokaa, tunapokula chipsi mayai saa sita usiku na kubeza mashine ya presha.

Kwa hiyo jibu ni hili: kitunguu saumu ni tingo, siyo dereva. Kipakie kwenye gari kikusaidie, lakini usukani waachie vidonge na daktari. Kama vidonge vinakuchosha au vinakupa kizunguzungu, rudi ukaseme. Kuna aina nyingi na unaweza kubadilishiwa. Kuacha kimyakimya ndiko kunakopeleka watu kwenye mkongojo.

MAFUA, MAFUTA NA MBU

Kwenye mafuta ya damu, yaani kolesteroli, mambo ni ya mchanganyiko. Mwaka 2007 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitangaza matokeo ya watu 192 wenye kolesteroli iliyozidi kiasi. Wengine walikula kitunguu saumu kibichi, wengine walipewa vidonge vya aina mbili, wengine vidonge hewa, kwa miezi sita. Kolesteroli mbaya haikutikisika kwa yeyote. Tafiti nyingine zimeona nafuu ndogo. Kwa hiyo mwenye kolesteroli asikipe kitunguu kazi ambayo mazoezi, mlo na dawa ndivyo vinavyoiweza.

Mafua je? Mwaka 2001 ilitoka habari ya watu 146 waliofuatiliwa kwa wiki 12 huko Uingereza. Waliomeza vidonge vya kitunguu saumu walipata mafua mara 24, waliomeza vidonge hewa mara 65. Inapendeza! Ila huo ni utafiti mmoja na mdogo, na waliokuja kuupitia baadaye walisema peke yake hautoshi. Linganisha watu 146 na wale watoto 15,460 wa chanjo, utanielewa. Hata hivyo, kitunguu saumu kwenye supu ya kuku ukiwa na mafua hakijamdhuru mtu, kile tu.

Tulivyo wepesi wa kusahau, turudi kidogo mwaka 2020. Korona ilipoingia, nani hakutwanga? Kitunguu saumu, tangawizi na malimao vilipanda chati ghafla kama wasanii wapya, nyumba zikafuka mvuke. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka huo huo kwamba kitunguu saumu ni chakula chenye afya, lakini hakuna ushahidi kwamba kinamkinga mtu na virusi hivyo.

Na mbu? Kwa pwani hii ya mikoko na madimbwi, hili ni swali la kufa na kupona. Wapo wanaoamini kuwa ukila kitunguu saumu jioni, mbu wanakususa. Watafiti wa Marekani walilijaribu hilo mwaka 2005 kwa kuwalisha watu kitunguu saumu na kuwafungulia mbu. Mbu hawakujali, waliuma vile vile. Kwa hiyo, ndugu yangu, chandarua!

HAPA KILILETA MAAFA

Hadithi inayotisha kuliko zote haitoki mbali, ni Afrika Kusini. Waziri wa Afya wa huko kuanzia mwaka 1999 hadi 2008, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa akisifia kitunguu saumu, limao na kiazi chekundu wakati watu wakifa kwa Ukimwi na serikali ikisuasua kuleta dawa za kupunguza makali. Agosti 2006, kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi mjini Toronto, banda la nchi yake liliweka vitu hivyo kwenye maonyesho, dunia ikashika kichwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kuwa kuchelewesha dawa kati ya mwaka 2000 na 2005 kuliigharimu nchi hiyo maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Kitunguu hakikuwaua watu hao. Waliuawa kwa kukosa dawa huku wakipewa maneno ya kujiliwaza. Tena kuna lingine: mwaka 2001 watafiti wa Marekani waligundua kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa karibu nusu kiwango cha saquinavir mwilini, moja ya dawa za Ukimwi za wakati ule. Yaani mtu anameza dozi nzima, mwili unapata nusu! Kwa hiyo anayetumia ARV, na yeyote mwenye dawa za kudumu, asianze vidonge vya kitunguu saumu bila kumwambia daktari wake. Cha kwenye mchuzi kile kwa raha zako.

MAMBO YA CHUMBANI

Najua wengi mlikuwa mnaisubiri sehemu hii. Haya, funga mlango.

Akina kaka, wale wauzaji wa vichupa wanawalenga nyinyi. "Punje mbili na kijiko cha asali, shemeji atakimbia." Kitunguu saumu kinasaidia mishipa kulegea ili damu ipite vizuri, na hapo ndipo stori ilipozaliwa. Lakini kulegeza mishipa kidogo si sawa na kutibu upungufu wa nguvu za kiume. Tena kijana, nguvu zikipungua inaweza kuwa kengele. Presha, kisukari, sigara, pombe na mawazo ni miongoni mwa vinavyozimaliza. Ukienda kupima unaweza kukuta tatizo kubwa lililojificha nyuma ya dogo. Ukibaki na kichupa, unaizima kengele huku nyumba inaungua.

Akina dada, nanyi mna lenu. Kuna ushauri unaozunguka saluni na kwenye vibaraza kwamba muwasho wa fangasi sehemu za siri unatibiwa kwa kuweka punje ya kitunguu saumu huko huko ndani. Jamani! Kitunguu saumu kibichi kinaunguza. Madaktari wa ngozi wamewahi kuandika habari za watu waliopata malengelenge kama ya moto kwa kukifunga kwenye ngozi ya mguu tu, wakiwemo watoto. Sasa fikiria ngozi laini ya huko. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walijaribu hata njia salama ya kumeza vidonge vya kitunguu saumu, na havikupunguza fangasi ukeni kuliko vidonge hewa. Dawa za fangasi zipo, siyo kila muwasho ni fangasi, na kipimo hakina aibu.

NA ILE HARUFU?

Umepiga mswaki mara tatu, umetafuna pipi za mnanaa, bado mwenzako anageuza shingo. Usimlaumu. Sehemu ya harufu hiyo haitoki mdomoni. Kuna gesi ya salfa inayoingia kwenye damu, ikafika mapafuni, ukawa unaipumua kwa saa kadhaa. Mswaki utaifikia wapi?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliripoti mwaka 2010 kuwa maziwa yanaipunguza, hasa ukiyanywa pamoja na chakula chenyewe kuliko baadaye. Majani ya mnanaa na tofaa bichi navyo vinasaidia. Kwa hiyo ukiwa na miadi pale ufukweni, na mishkaki imejaa kitunguu saumu, agiza mtindi mapema, usione soo. Njia nyingine ya kale ni mle wote wawili.

Na hii itawafurahisha: mwaka 2016 watafiti wa Jamhuri ya Czech na Uskochi waliwapa wanawake 82 kazi ya kunusa harufu ya kwapa za wanaume 42. Wanaume walipokuwa wamekula gramu 12 za kitunguu saumu, harufu yao ilionekana ya kuvutia zaidi kuliko wasipokula. Kwapa hiyo, siyo mdomo! Kwa hiyo mapenzi na kitunguu saumu hayajafikia talaka.

KILE HIVI, KIOGOPE HIVI

Haya, tufunge kazi kwa mambo ya kukata na kubandika jikoni.

Kiasi: Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mitishamba cha mwaka 1999, lilitaja gramu 2 hadi 5 za kitunguu saumu kibichi kwa siku. Punje moja ya kawaida ina kama gramu 3. Kwa hiyo ni punje moja, au mbili kama ni ndogo. Zile dozi za kichwa kizima zitakuachia kiungulia na tumbo la kuvuruga.

Namna: Kitwange, subiri dakika kumi, changanya na chakula. Kachumbari, mtindi au mchuzi wa samaki wakati wa kuepua, vyote ni sawa. Tumbo tupu alfajiri halina ushujaa wowote ila kuungua kifua.

Damu: Kitunguu saumu kinapunguza kuganda kwa damu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliandika habari za mzee wa miaka 87 aliyevujia damu kwenye uti wa mgongo bila kuumia, na walichokishuku ni ulaji wake wa kupindukia wa kitunguu saumu. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarini, sema kwa daktari. Kama utafanyiwa upasuaji, acha dozi za kitunguu saumu angalau siku saba kabla. Usimfiche daktari kwa sababu "ni mitishamba tu".

Mafuta: Usiloweke kitunguu saumu kibichi kwenye mafuta na kukiacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria anayependa hivyo, anatoa sumu inayopooza misuli. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu hiyo hiyo. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na ukimalize ndani ya siku nne.

Ngozi: Usikifunge kwenye kidonda, jino, sikio wala ngozi ya mtoto.

Na la mwisho, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi hii ukienda kumsalimia mama, bibi au shangazi, usimuulize tu "hujambo". Muulize vidonge vyake viko wapi, na vimebaki vingapi. Mpeleke akapimwe presha, nawe uweke mkono wako kwenye mashine hiyo hiyo. Siku ukimwona mtu mdomo umeshuka upande mmoja, mkono hauinuki au maneno yanamkwama, huo si upepo wala jini. Ni kiharusi, na kila saa inayopita inaondoka na sehemu ya ubongo wake. Hospitali, saa hiyo hiyo!

Kitunguu kiende kwenye kinu, kidonge kiende mdomoni, na kila kimoja kifanye kazi yake. Tukutane wiki ijayo, mungu akipenda, na midomo yetu ikinukia pilau.